Kila Malighafi na Adui Wake

Roli ya stika iliyonunuliwa Kariakoo mwezi wa pili ikianza kukataa kukatika vizuri mwezi wa tano, mwenye mashine hulaumu bledi, kisha programu, kisha muuzaji. Ni wachache wanaouliza roli hiyo ilikuwa imelala wapi kwa miezi mitatu ya mvua.

Mashine ndogo za kukatia, zile zinazokaa juu ya meza na kuongozwa na simu au kompyuta, zimeingia katika nyumba zetu kwa mlango wa biashara. Mama anakata majina ya kuchomeka kwenye keki. Kijana wa chuo anakata maandishi ya tisheti za familia ya bibi harusi. Mwingine anatengeneza kadi za sendofu, za maulidi na za kipaimara, au stika za chupa za asali na mafuta ya nazi. Wote hawa hutumia muda mwingi kujifunza kuchora na kukata. Kuhifadhi malighafi huachwa kama usafi wa nyumba, jambo la kufanywa mgeni akikaribia. Mimi naliona kuwa sehemu ya kazi yenyewe, na naamini linaanzia mahali tofauti na pale tunapoonyeshwa. Tunaonyeshwa rafu na rangi. Tungeanza na kuuliza kila malighafi inaharibiwa na nini.

Ushauri mwingi kuhusu kupanga vifaa hivi una kwao, na kwao ni Utah, magharibi mwa Marekani. Mwaka 1980 Marielen Christensen wa mji mdogo wa Spanish Fork alionyesha albamu za kumbukumbu za familia yake katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, na muda si mrefu akafungua duka la vifaa vya kutengenezea albamu za namna hiyo. Mapenzi ya albamu hizo yalikua yakawa biashara nzima ya karatasi za rangi, gundi na mikasi. Provo Craft, kampuni ya huko huko Utah, ndiyo iliyoleta sokoni mashine ya Cricut katika miaka ya 2000. Silhouette America nayo ni ya Utah. Hata kabati maarufu la DreamBox, linalofunguka kama milango miwili ya chumba na kuonyesha visanduku kila upande, ni la kampuni ya Utah. Mkeka wa kukatia wa inchi 12 kwa 12 unalingana na ukurasa wa albamu zile.

Nayasema haya kwa sababu Utah ni mojawapo ya majimbo makavu kuliko yote Marekani. Mtu wa huko akitundika roli zake ukutani, wazi, zikiwa zimepangwa kuanzia nyekundu hadi zambarau, hewa haimwibii kitu. Adui wake mkubwa ni kusahau alichonacho, kwa hiyo dawa yake ni kuona kila kitu. Ndiyo maana mafundi wa huko walishangilia walipogundua kwamba VARIERA, kile chombo cha plastiki chenye matundu ambacho IKEA hukiuza kwa ajili ya kutunzia mifuko ya jikoni, kinapokea roli za vinili vizuri sana kikitundikwa mlangoni. Ni ubunifu mzuri. Ukiuhamishia Tanga au Kisiwandui, Zanzibar, bila kufikiri, umetundika malighafi yako katikati ya unyevu, vumbi na mwanga.

Chukua mfano wa vinili ya kubandika, yaani stika. ORAFOL ya Oranienburg, Ujerumani, inayotengeneza stika za Oracal, inaeleza kwamba Oracal 651 inadumu ghalani miaka 2 ikiwa ndani ya kifungashio chake, kwenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50. Dar es Salaam haina mchana hata mmoja wa nyuzi 20, na hewa ya pwani mara nyingi hupita asilimia 70 ya unyevu. Hii haina maana kwamba stika itaoza. Ina maana kwamba muda ule wa miaka 2 haukuandikwa kwa ajili ya chumba chako, na kila mwezi roli inaokaa wazi unaufupisha.

Inaharibika namna gani hasa? Vinili yenyewe ni plastiki, haijali maji. Kilicho nyuma yake ndicho kinachojali: ile karatasi iliyopakwa silikoni ambayo unaibandua wakati wa kubandika. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, vinili haitanuki nayo, na matokeo yake ni vifereji vidogo vya hewa vinavyoanzia ukingoni na kuingia ndani. Ukiishika roli kwa pembeni na kuiangalia dhidi ya dirisha utaviona, kama mawimbi membamba. Ukipitisha stika hiyo kwenye mashine, magurudumu yanashika sehemu zilizoinuka, karatasi inakwenda upande, na herufi ya mwisho inakatwa nje ya mstari. Hapo ndipo bledi isiyo na kosa hulaumiwa. Adui wa pili ni mgandamizo. Roli zikilazwa zikarundikana, ya chini kabisa inapata ubapa, na joto likiongezeka gundi inaanza kutoka pembeni na kukusanya vumbi. Roli inapaswa kusimama wima au kupitishiwa mti katikati ikaning'inia. Ikibidi ilale, isibebe nyingine.

Vinili ya tisheti, ile inayobandikwa kwa pasi ya joto, ina tabia nyingine kabisa. Mgongo wake kwa kawaida ni plastiki angavu, kwa hiyo unyevu hauipindi kwa haraka hivyo. Inachoogopa ni joto na vumbi. Gundi yake imetengenezwa ili iamke kwenye joto, zile za kawaida zikihitaji nyuzi 150 na kidogo zaidi. Gari lililoegeshwa juani halifiki huko, lakini joto la siku nyingi hulegeza mshiko kati ya vinili na mgongo wake, na mshiko huo ndio unaobaki kuzishikilia herufi mahali pake wakati unachambua, yaani unapoondoa sehemu zisizohitajika. Ukishapotea, vijiherufi vinaondoka pamoja na mabaki na kazi inaanza upya. Vumbi nalo likishaingia kwenye mgongo ule wenye utando wa kunata halitoki.

Kosa la kawaida nyumbani ni kuchanganya aina hizi mbili. Zikiwa roli nzima zinajulikana. Zikishakuwa vipande vya kiganja, nyeusi na nyeusi hazina tofauti, na mtu anajikuta anapiga pasi stika ya kubandika juu ya tisheti ya mteja. Ndiyo sababu siafiki kabisa kupanga kwa rangi kwanza. Aina itangulie, na iwe na chombo chake. Rangi ipangwe ndani ya aina. Ya kubandika ya kudumu kama 651 isikae na ya kubanduka kama Oracal 631, kwa kuwa gundi zake si moja: ile ya kwanza inashika chupa na gari, hii ya pili imekusudiwa kuta za ndani na kuondolewa baadaye bila kuacha alama. Mteja wa chupa akipewa 631, atarudi baada ya kuosha vyombo.

Manila ndiyo inayoumia kuliko zote. Karatasi nzito ya kadi ni nyuzi za mti, na nyuzi hizo hupumua na hewa ya chumba kila saa. Ikiwa na unyevu, bledi haikati, inavuta. Utaona kwenye pembe za maua madogo ya kadi ya harusi: ukingo unatoa manyoya, na pale mistari miwili inapokutana karatasi inachanika badala ya kuachana. Watu hupandisha nguvu ya kukata, wakaharibu mkeka pia. Dawa ni ya nyuma zaidi. Karatasi za rimu huuzwa ndani ya kifungashio kilichopakwa utando wa kuzuia unyevu. Usikichane chote na kukitupa. Fungua upande mmoja, toa shiti unazotaka leo, kunja tena na ubane. Shiti zilale bapa juu ya ubao ulionyooka. Zikiegemezwa ukutani, baada ya wiki mbili zina mgongo. Shiti kubwa, zile za kupeleka shuleni, zikatwe vipimo vya A4 mara zinapofika nyumbani, maana A4 ya sentimita 21 kwa 29.7 inaingia kwenye mkeka wa sentimita 30.5 na pia kwenye droo ya kawaida, wakati shiti kubwa haina mahali pa kulala katika nyumba ya vyumba viwili.

Manila yenye pambo la kumetameta ipewe mfuko wake peke yake. Chembe zake zikishahamia kwenye mkeka, zinahamia kwenye kila kazi inayofuata.

Karatasi ya sublimesheni, inayobeba wino wa kuhamishia kwenye vikombe na tisheti za poliesta, nayo ni ya kufungiwa. Ikiwa na maji ndani yake, inapofika chini ya pasi ya nyuzi 190 au 200 maji hayo yanakuwa mvuke, wino unatembea, na sura ya marehemu babu kwenye tisheti ya arobaini inatoka na kivuli pembeni. Kwa hilo hakuna radhi itakayomtosha mteja.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba nyingi tunazofanyia kazi zina paa la bati, sakafu ya saruji, na kabati moja la nguo. Mazoea yetu ni kuweka vitu visivyotumika kila siku juu ya kabati au uvunguni. Juu ya kabati, chini ya bati, ndipo penye joto kuliko pote chumbani saa nane mchana. Vinili ya tisheti na mikeka ya kukatia visiende huko kamwe. Uvungu una giza na ubaridi, jambo jema, lakini sakafu ya saruji hupandisha unyevu, na mchwa na mende wana njia zao huko. Boksi la karatasi sakafuni ni chakula cha mchwa chenye malighafi yako ndani. Uvungu unafaa kwa masharti mawili: chombo kiwe cha plastiki chenye mfuniko, na kikae juu ya mbao mbili, si juu ya saruji. Kwa vingine vyote, tafuta urefu wa kati, kuanzia goti hadi bega, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni na usiopakana na bafu.

Kwa pwani, chombo ninachokipendekeza kuliko rafu yoyote ya kuvutia ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ile iliyokuwa na rangi ya maji au mafuta ya kupikia, iliyooshwa ikakauka kabisa. Roli za sentimita 30.5 zinasimama ndani yake na mfuniko unafunga. Panya hawaingii. Ikiwa umenunua stika ya upana wa sentimita 122, mwombe muuzaji au fundi mwenye msumeno mwembamba aigawe sehemu nne: 122 kwa 4 ni 30.5 kamili. Ya sentimita 61 inatoa mbili. Weka ndani ya ndoo vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu na mikoba. Lakini elewa jinsi vinavyofanya kazi: kwenye chumba kilicho wazi vinashiba mara moja na kubaki mapambo, ni ndani ya chombo kilichofungwa tu ndimo vina maana. Vikishashiba, zile punje zinaweza kutolewa kwenye kifuko na kukaushwa kwenye oveni, kwenye nyuzi kama 120, kwa saa moja au mbili. Mchele hautoshi kazi hii. Unavuta unyevu kidogo mno na unaita wadudu.

Dodoma au Singida mambo ni mengine. Huko hewa kavu na vumbi ndiyo shida, na ndoo hiyo hiyo inasaidia kwa sababu nyingine. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, mtu anaweza kutundika roli wazi bila hofu kubwa ya unyevu, alimradi pazia lipo. Wachapaji wa River Road na mwanafunzi wa Nyali, Mombasa, hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kuna pingamizi la haki kwa hoja ya ndoo. Kinachofichwa husahaulika. Mwenye ndoo tano zilizofungwa hukumbuka rangi anayoipenda na kununua nyingine ya aina ile ile, huku ya kijani ikizeeka chini. Watu wa Utah hawakukosea kuhusu jicho. Walikuwa na bahati ya kuweza kuliacha jicho lifanye kazi yote. Kwetu jicho lipewe kitu kingine cha kutazama. Chukua shiti moja ya manila nyeupe. Kila roli inayoingia nyumbani, kata kipande cha upana wa vidole viwili, kibandike kwenye shiti hiyo, na chini yake andika kwa kalamu: aina, namba ya ndoo, tarehe ya kununua, na nguvu ya bledi iliyokata vizuri kwa majaribio. Mfano: «Ya kubandika, nyekundu, ndoo 2, Machi, nguvu 14.» Ukipunguza roli, andika mita zilizobaki kwa penseli. Shiti hiyo inatundikwa ukutani, wazi, na ndiyo mteja anayoichagulia rangi akija. Haichakai kwa unyevu kiasi cha kukuumiza, na ikichakaa unatengeneza nyingine. Bila ile namba ya nguvu ya bledi, kila kazi mpya inaanza kwa kuharibu kipande cha kujaribia.

Mabaki ndiyo sehemu ambayo fedha hupotelea kimyakimya. Mchoro wa tisheti wa sentimita 25 ukikatwa kwenye roli ya sentimita 30.5 unaacha ukanda wa sentimita 5.5 pembeni, karibu asilimia 18 ya upana ulioulipia. Ukanda huo unatosha majina ya chupa za maji za darasa zima la chekechea, au tarehe ya nyuma ya kadi. Ila utumike tu kama unajua upo. Mabaki yakitiwa yote kwenye mfuko mmoja wa sandarusi yanajikunja, yanashikana, na baada ya muda hakuna anayefungua mfuko ule. Tenganisha kwa aina, yalale bapa kwenye faili lenye kurasa za plastiki, na kila kipande kibaki na mgongo wake. Kisha amua kipimo cha chini kabisa unachohifadhi. Mimi ningesema kiganja. Kilicho chini ya hapo kiondoke leo hii. Tabia ya kuweka kila kichembe kwa hofu ya kupoteza inajaza nyumba na kuficha vile vipande vyenye thamani.

Kiondoke, lakini kisichomwe. Uani kwetu taka huchomwa jioni bila kufikiri, na stika nyingi ni PVC. Moshi wake una gesi ya tindikali inayochoma macho na mapafu, na unaweza kubeba sumu za dioksini. Mabaki ya kuchambua, yale matumbo ya herufi, yaende kwenye taka zinazochukuliwa, yakiwa yamekunjwa ndani ya karatasi ya nyuma ya stika ili yasinate kila mahali.

Bledi hazina shida ya hewa; shida yake ni watoto na kusahaulika. Ile ya nyuzi 45 ya stika na ile ya nyuzi 60 ya vitu vinene zitiwe kwenye kichupa chenye kizibo, kila moja na lebo yake. Bledi iliyokwisha kukata manila itengwe na ya stika, kwa kuwa karatasi inatafuna makali haraka. Zilizokufa ziingie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko uliotobolewa mwanya mdogo, zikae humo hadi kopo lijae. Kalamu za mashine zilazwe. Mikeka irudishiwe utando wake wa plastiki kila baada ya kazi na itundikwe kwa tundu lake. Inaweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ikakaushwa kivulini, isipokuwa ile ya waridi ya vitambaa, ambayo maji huua mshiko wake.

Kazi ya mteja iliyokwisha kukatwa ni malighafi pia, na kwa kawaida ndiyo inayopotea kabla ya zote. Kamati ya harusi inabadilisha tahajia ya jina la shangazi usiku wa manane, na asubuhi hujui ni kadi zipi za zamani na zipi mpya. Bahasha moja kwa kila kazi, jina na tarehe ya kuchukuliwa nje, vipande vikiwa bapa ndani. Faili la mchoro kwenye kompyuta liitwe jina lile lile na tarehe ile ile, na nakala iwe kwenye flashi, kwa kuwa laptopu ya nyumbani inatumika pia kwa katuni za watoto.

Limebaki swali la kiasi gani cha kununua. Kwa pwani kalenda yenyewe inaelekeza. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, na Kwaresima kwa kawaida hukutana na mwanzo wa masika. Manila ipungue nyumbani miezi hiyo; nunua ya wiki, usinunue rimu. Stika ya kubandika inunuliwe kwa mita hata kama roli nzima ni nafuu kwa mita, isipokuwa nyeusi na nyeupe, ambazo hazikai. Vinili ya tisheti ya rangi adimu inunuliwe mteja akishalipa kianzio. Na kabla ya kutoka kwenda dukani, piga picha ile shiti ya sampuli, uwe nayo kwenye simu mbele ya muuzaji.